Seli isiyokufa ipo, nayo ni saratani

Mhariri,

Jumamosi iliyopita, nikisubiri kuvuka feri ya Likoni kutoka upande wa kisiwani, nilimkuta kijana akinadi matone kwenye vichupa vya kahawia, kipaza sauti kikining'inia shingoni. "Bimkubwa, matone matatu asubuhi, matatu usiku! Seli zako hazizeeki wala hazifi!" Kichupa kimoja shilingi 500. Akina mama wanane hivi walikuwa wamemzunguka, na wawili walishafungua vibeti.

Nimefundisha bayolojia miaka 29, nami nataka wasomaji wako wajue kwamba seli isiyokufa ipo kweli. Ndiyo hiyo inayoleta saratani.

Kufa kwa seli ni kazi ya mwili, kama kula na kupumua. Tazama vidole vyako. Tumboni mwa mama mkono huanza bapa kama kafi. Kisha seli zilizo baina hufa kwa amri, ndipo vidole vikaachana. Hazipasuki zikamwaga yaliyomo, kama seli iliyoungua. Hujikunja, hukata DNA yao wenyewe vipande vipande, na jirani zao huzimeza, pahala pakabaki pasafi bila uvimbe. John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie waliipa hali hiyo jina mwaka 1972: apoptosisi. Sydney Brenner, mzaliwa wa Afrika Kusini, alichagua kumchunguza mnyoo wa milimita 1. John Sulston na Robert Horvitz wakaendelea na kazi hiyo, seli zikafuatiliwa moja moja tangu yai. Mwili wa mnyoo huyo huunda seli 1,090, na 131 kati yake hufa, zile zile katika kila mnyoo. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Kila nilipofikia hesabu hiyo darasani nilinyamaza kidogo, maana hadi leo inanishangaza.

Kuzeeka nako kuna utaratibu wake. Mwaka 1961, huko Philadelphia, Leonard Hayflick na Paul Moorhead walionyesha kuwa seli za kawaida za binadamu zikikuzwa maabarani hugawanyika mara 40 hadi 60 hivi, kisha zikasimama. Sababu yake ilikuja kujulikana baadaye. Marehemu babangu alikuwa baharia wa majahazi ya Bandari ya Kale, na hakuna kamba iliyotoka mikononi mwake bila ncha kuzungushiwa uzi isifumuke. Kromosomu zetu, yaani nyuzi zinazobeba DNA ndani ya seli, zina ncha za namna hiyo, ziitwazo telomea. Kila seli inapogawanyika ncha hupungua, na zikishakuwa fupi mno seli huacha kugawanyika. Kipo kimeng'enya cha kuzirefusha, telomerasi, lakini seli nyingi za mtu mzima zimekizima. Seli nyingi za saratani zimekiwasha, tena haziisikii ile amri ya kufa. Seli za Henrietta Lacks, Mmarekani aliyefariki mwaka 1951 kwa saratani ya mlango wa kizazi, zinagawanyika maabarani hadi leo. Mwenyewe alikufa na miaka 31.

Dadangu mkubwa alipata kiuvimbe titini, kadiri ya punje ya kunde. Hakuniambia. Alikunywa matone ya aina hii miezi minane, na alipofika kwa daktari maradhi yalikuwa yameshaingia kwenye mifupa. Tulimzika mwaka juzi. Siku ya kukunja vitu vyake nilikuta vichupa 14 ndani ya kikapu cha ukili chini ya kitanda, vimeoshwa, vifuniko vimekazwa. Alinificha kwa kuwa alijua ningesema nini, na hilo ndilo linaloniuma zaidi ya yote.

Naiomba idara ya afya ya kaunti ipite kivukoni na sokoni, ichukue vichupa hivyo na kupima kilichomo. Nawe Mhariri, nakusihi usikubali matangazo yao gazetini.

Siku ile nilimvuta pembeni mama mmoja aliyekwisha kulipa. Aliushika mkono wangu akaupeleka kwapani, juu ya buibui. Palikuwa na kitu kigumu. Nikamwandikia namba yangu nyuma ya risiti ya dukani, nikamwambia Jumatatu asubuhi nitamsindikiza hospitali mwenyewe.

Leo ni Alhamisi, na bado nasubiri simu yake.

Mwalimu mstaafu,
Majengo, Mombasa