Shukrani kwa muuguzi uliyezungumza na mwanangu

Dada muuguzi, jina lako sikulipata, ndiyo maana nakushukuru hadharani. Siku ya mashindano ya shule ulikuwa unamfunga mwanangu bandeji kwenye kifundo cha mguu, ukaona chunusi nzito zimemjaa mgongoni na mabegani. Wengi wangezipita. Wewe ulimuuliza taratibu, bila kumtisha wala kumwaibisha: "Mdogo wangu, unajichoma sindano gani?" Akakuambia ukweli ambao sisi nyumbani hatukuwahi kuusikia: alikuwa anajichoma steroidi, dawa za kukuza misuli.

Ulimweleza kwamba steroidi hizo hutengenezwa maabara kuiga homoni ya kiume, na kwamba kwa kijana ambaye bado anakua zinaweza kufunga mapema ncha za mifupa, akabaki na kimo hicho hicho maisha yake yote. Hilo ndilo lililomshtua hasa, maana anacheza mpira wa kikapu. Ukamtajia pia moyo, ini, korodani kunywea, hasira zisizo na sababu, na kuchangia sindano kunakoweza kuleta VVU na homa ya ini. Wasichana nao, sauti ikishakuwa nzito huenda isirudi tena.

La maana zaidi, hukumwambia aache tu kisha aende zake. Ulimsihi amwone daktari, kwa sababu anayeacha ghafla anaweza kuzama kwenye sonona. Na kweli siku zile zilikuwa ngumu, ila daktari alikuwa karibu naye.

Ni makocha wangapi huuliza misuli imetoka wapi? Wewe uliuliza. Mungu akubariki sana, dada yangu.