Hata "hapana" tutaipokea

Ndugu Mhariri,

Kila nikifungua kurasa za kazi na biashara nakuta mafunzo ya adabu za ofisini: suti iwe ya rangi gani, mkono ushikwe kwa nguvu kiasi gani, nani aanze kutambulishwa kwa nani. Sina ugomvi nayo. Nimekuwa katibu muhtasi kwa miaka 31 kabla ya kustaafu, na nguo zangu zilipigwa pasi kila siku. Lakini wageni waliotoka mapokezi kwetu wakinung'unika, sikumbuki hata mmoja aliyenung'unikia tai ya bosi. Walikuwa wameuliza jambo, na hakuna aliyewajibu.

Chukua tangazo la kazi. Mwishoni kuna sentensi tuliyoizoea hadi hatuioni: watakaoitwa kwenye usaili ni wale tu waliochaguliwa, ukiona kimya ujue hukufanikiwa. Mtu amekesha akiandika maombi, amewasumbua wadhamini wake, pengine amefika hadi kwenye usaili wenyewe na kuhojiwa na watu watano. Kisha anaachiwa kalenda aitazame mpaka akate tamaa. Siku ngapi za kimya zinatosha kuwa jibu? Tangazo halisemi.

Bosi wangu wa kwanza hakulikubali hilo. Tuliwahi kupata waombaji sitini na kitu kwa nafasi moja ya mhasibu, akaniambia kila aliyekosa aandikiwe barua yake. Enzi hizo ni taipureta. Ukikosea herufi moja kwenye jina la mtu, karatasi inatoka, unaanza upya. Nilichapa siku mbili nzima, na nakiri nilimchukia. Zote akazisaini kwa mkono wake, ila moja aliirudisha kwa sababu nilimwandika Bwana fulani kuwa ni Bibi.

Wiki iliyofuata mmoja wa waliokosa akapiga simu. Nikajiandaa kutukanwa. Kumbe alitaka kusema tu kwamba barua imemfikia, na kwamba sasa anaweza kuikubali kazi nyingine aliyokuwa akiisubirisha kwa ajili yetu. Siku hiyo ndiyo niliyoelewa kwamba "hapana" humfungua mtu. Ndivyo ilivyo pia kwa mfanyabiashara aliyepeleka makadirio ya bei: mzigo ameushikilia stoo, hajui amuuzie mwingine au aendelee kukungoja wewe ambaye ulishanunua kwingine mwezi uliopita na hukuona haja ya kumwambia.

Najua nitajibiwa kwamba siku hizi waombaji ni mamia na watumishi ni wachache. Sawa. Lakini ukituma maombi leo kwa mtandao, kabla hujavua miwani umeshaletewa ujumbe: "Maombi yako yamepokelewa." Programu iliyofundishwa kusema "tumepokea" haishindwi kufundishwa kusema "hukupata". Kinachokosekana ni mtu wa kuiagiza.

Taipureta ilinifundisha na jambo la pili. Ukitaka nakala ya barua, unapachika karatasi ya kaboni katikati ya karatasi mbili na kugonga kwa nguvu. Nakala ya kwanza inasomeka, ya pili inafifia, ya nne ni ya kubahatisha. Kwa hiyo kabla ya kuchapa unamuuliza bosi: huyu naye anaihitaji kweli? Zile herufi "Cc" kwenye barua pepe zimetokana na kaboni hiyohiyo, ila jasho lake limetoweka, na swali nalo likatoweka. Watu wanamnakilia mkurugenzi jambo la stapla ili kumtisha mwenzao wa meza ya pili. Na barua iliyokwenda kwa watu ishirini haina mwenyewe. Kila mmoja anadhani mwingine atajibu. Nusu ya kimya ninachokilalamikia naamini kinaanzia hapo. (Nakala ya siri ndiyo balaa zaidi. Nilishamwona aliyefichwa kwenye nakala hiyo akabonyeza "jibu wote". Kikao cha mchana ule sitakisimulia.)

Haki iwe ya pande zote mbili, lakini. Anayetaka kujibiwa naye aandike kitu kinachojibika. Kuna watu wanatuma "Habari" na kunyamaza. Unajibu "Nzuri". Saa nzima inapita, inakuja "Za kazi?" Mimi nimelelewa na salamu, na barua ya kikazi inayoanza na amri moja kwa moja naiona kama mtu aliyeingia ndani bila hodi. Lakini aliyepiga hodi na akakaribishwa asibaki kusimama mlangoni. Asalimie, aeleze shida yake, aseme anaitaka lini, vyote katika ujumbe mmoja.

Simu ni hivyohivyo. Alexander Graham Bell, aliyepata hataza ya simu mwaka 1876, alipenda watu waitikie kwa neno la mabaharia, "ahoy". Mwaka uliofuata Thomas Edison akapendekeza "hello", likashinda, nasi tukapata haloo yetu. Wote wawili walihangaika na neno la kufungulia mazungumzo, hakuna aliyetukinga na mtu anayepiga mwenyewe halafu anauliza, "Nani mwenzangu?" Wewe ndiye uliyepiga! Taja jina lako, taja unakotoka, uliza kama mwenzako ana nafasi. Na ukiniweka kwenye spika mbele ya watu wengine, niambie kabla sijasema jina la mtu.

WhatsApp walileta tiki za bluu mwaka 2014, na kimya kikapata rangi. Zamani mtu alijiliwaza kwamba labda barua imepotea posta. Leo anaona kabisa umesoma saa nne asubuhi na ukaendelea na mambo yako. Wapo wanaozima hizo tiki, na siwalaumu, kwa maana mtu hawezi kuwa mtumwa wa simu, na ujumbe wa kazi unaotumwa usiku wa manane unaweza kungoja kuche. Sidai jibu la papo hapo. "Nimeiona, nitakujibu Alhamisi" ni maneno matatu. Kinachotakiwa baada ya hapo ni kwamba Alhamisi ikifika ujibu, hata kama jibu lenyewe ni kwamba bado hujapata jibu.

Na wewe, Mhariri, nisikuache nje. Hii ni barua yangu ya tatu kwako. Mbili za kwanza sijui kama zilifika, zilisomwa, au ziliishia kapuni. Huenda hazikufaa, na hilo halinikasirishi, maana nafasi ni ndogo na waandikaji ni wengi. Usipoichapisha na hii, niandikie mstari mmoja tu. Anwani yangu nimeiweka nyuma ya bahasha.

Wako,
Katibu muhtasi mstaafu