Mwanangu, Usiondoke Kabla Hujaandika

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeukuta alfajiri. Uliutuma saa nane usiku, mistari mitatu, kama mtu anayemwarifu mwenye nyumba kwamba anahama. Kesi mmeshindwa, mwisho wa mwezi unaacha kazi, na sheria ni jiwe, haisogei. Nimesoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikasoma tena. Baba'ko nimemwambia mmeshindwa, basi. Hilo la kuacha kazi sijalitamka mbele yake, na sitalitamka mpaka nisikie sauti yako. Nimekupigia mara tatu hukupokea. Mtoto mwenye hasira namwelewa. Asiyepokea simu ya mama yake simwelewi.

Ulivyoihangaikia kesi ile, na wale akina mama walivyokutegemea, unayajua kuliko mimi, siwezi kukusimulia. Nina neno moja tu na nitalirudia hata ukasirike: usiondoke kabla hujaandika. Barua ya kuacha kazi siihesabu kuwa ni kuandika.

Niache nianze na kazi yangu ya ukunga, maana ndiyo ninayoijua. Mwaka 1847 hospitali kuu ya Vienna, Austria, ilikuwa na wodi mbili za wazazi. Moja ilishikwa na madaktari na wanafunzi wao, ya pili ilishikwa na wakunga. Kwa wakunga waliokufa walikuwa wachache. Kwa madaktari, homa ya uzazi iliwamaliza wanawake, na ilikuwepo miezi ambayo alikufa zaidi ya mmoja katika kila 10. Wanawake wenyewe walijua, wakawa wanaomba kwa machozi wasiingizwe huko. Daktari Ignaz Semmelweis akang'amua kwamba wenzake walikuwa wanatoka kupasua maiti wanakuja moja kwa moja kuzalisha. Akaamuru kila mtu aoshe mikono kwa maji ya klorini. Haikupita miaka miwili, vifo vikawa chini ya 2 katika 100.

Hayo kila mkunga ameyasikia. Yaliyofuata ndiyo nataka uyasikie wewe. Wakubwa wake walimpinga, na mkataba wake ulipokwisha hawakumwongezea. Mwaka 1850 alipewa nafasi ya kufundisha yenye masharti asiyoyataka. Siku chache tu baadaye akafungasha, akaondoka Vienna, hata rafiki zake waliokuwa wakimtetea hakuwaaga. Kitabu chake kilitoka 1861. Hesabu mwenyewe: miaka 14 tangu aone kwa macho yake kwamba mikono ndiyo inayoua, ndipo anakaa kukieleza chote kwa ukamilifu, na wakati huo hasira imeshamwingia kila sentensi. Alikufa 1865 katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Miaka 2 baadaye Lister, daktari wa upasuaji wa Uingereza, akaanza kuchapisha habari za dawa za kuua vijidudu kwenye vidonda, akisimama juu ya kazi ya Pasteur, Mfaransa aliyechunguza vijidudu, na dunia ikaanza kusikiliza.

Simdharau, Mungu anisamehe. Mtu yule aliokoa wanawake kwa beseni la maji, mimi ni nani wa kumhukumu. Lakini miaka 31 niliyozalisha nimekuwa nikijiuliza ingekuwaje kama angekaa chini 1848, akapanga hesabu zake wodi kwa wodi, mwezi kwa mwezi, akazichapisha kwa utulivu. Kwa nini mikono inaua hangeweza kueleza yote, maana vijidudu hakuvijua. Haikuwa kazi yake kueleza yote. Kazi yake ilikuwa kumwachia anayefuata kitu cha kushika.

Sasa tuje kwako. Kesi ya konokono wa kwenye chupa ulinisimulia wewe, tena kwa furaha, mwaka wako wa kwanza chuoni. Panya hukuniambia. Panya nimekutana naye juzi, katika daftari lako la kijani ulilolisahau kwenye kabati.

Yule mama, May Donoghue, alikunywa soda ya tangawizi mjini Paisley, Uskoti, mwaka 1928, chupa nyeusi isiyoonyesha ndani, aliyonunuliwa na rafiki yake, akadai kwamba ndani yake alitoka konokono aliyeoza, naye akaugua. Kwa kuwa hakuinunua yeye, hakuwa na mkataba na mtu yeyote, na sheria ya wakati huo ilikuwa inasimama juu ya hukumu ya 1842: huna mkataba, huna dai. Hapo ndipo ulipoishia kunisimulia, ukaruka hadi ushindi. Lakini umeandika kwa mkono wako mwenyewe kwamba wakili wake, Walter Leechman, alikuwa ametoka tu kushindwa kesi nyingine ya chupa, ile iliyodaiwa kuwa na panya. Majaji wa Uskoti walitoa hukumu ya panya Machi 1929. Aprili, hata mwezi haujatimia, akafungua kesi ya konokono! Jaji wa kwanza akamkubalia yule mama. Majaji wa rufaa wakamkatalia, wakitegemea hukumu ile ile ya panya. Akalazimika kuthibitisha kwamba ni maskini asiye na kitu ndipo aruhusiwe kwenda mahakama ya juu kabisa bila kuweka dhamana ya gharama. Na huko, Mei 1932, alishinda kwa majaji 3 dhidi ya 2. Angebadilika mmoja tu, leo mtengenezaji wa chupa, wa dawa, wa gari, angekuwa anatuambia hatuna mkataba naye.

Pembeni ya ukurasa umeandika, kwa kalamu nyekundu: "Bila panya hakuna konokono." Hayo ni maneno yako, mwanangu. Ulikuwa na miaka 20 ulipoyaandika. Nimeyatazama muda mrefu nikijivunia, halafu nikakasirika, maana aliyeandika vile ndiye aliyeniandikia usiku kwamba sheria ni jiwe.

Nimesikia mmoja kati ya majaji wenu watatu aliwakubali. Kurasa zake umezisoma, au ulitoka nje mara tu ulipojua mmeshindwa? Mwaka 1896, Mahakama Kuu ya Marekani ilipohalalisha kuwatenga watu weusi katika mabehewa ya treni, jaji aliyekataa alikuwa mmoja peke yake, John Marshall Harlan. Aliandika kukataa kwake. Mwaka 1954 mahakama hiyo hiyo, majaji 9 kwa sauti moja, ikasema kutenga watoto mashuleni ni kinyume cha katiba. Sikwambii subiri miaka 58. Miaka 58 ni maisha ya watu, wamezaliwa na kuzikwa ndani yake, na anayewaambia wale akina mama "sheria itakua tu" hawatakii mema. Haikui yenyewe. Watu walikwenda mahakamani tena na tena, kesi ndogo ndogo, za shule za sheria, za vyuo, wakibomoa kidogo hapa na kidogo pale mpaka ile hukumu ya 1896 haina pa kusimama.

Ulilalamika pia kwamba sheria yenyewe imejaa mizunguko isiyo na maana. Ni kweli. Na mwili wa binadamu je? Mshipa wa fahamu unaoendesha sauti, ule wa kushoto, unatoka kichwani, unapita pale koo lilipo, unashuka hadi kifuani, unazunguka mshipa mkubwa wa damu karibu na moyo, ndipo unapanda tena kurudi kooni. Kwa twiga mzunguko huo ni wa mita kadhaa. Mhandisi angeukata uwe mfupi. Lakini mpango huo tumerithi tangu kwa viumbe wa majini wasiokuwa na shingo, ambao kwao njia ilikuwa imenyooka. Shingo ilipokuja kurefuka, mshipa ukarefuka nayo. Kiumbe hawezi kufungwa kwa matengenezo, lazima aendelee kupumua huku anabadilika. Na mahakama haziwezi kufungwa ili sheria iandikwe upya. Usiichukie kwa hilo.

Kuna jambo sijawahi kukwambia.

Nilipoanza kazi tulifundishwa kwamba mtoto mchanga alazwe kifudifudi, asije akapaliwa akicheua. Vitabu vilisema hivyo, wakufunzi walisema hivyo, nasi tukawaambia wazazi hivyo hivyo. Usiku mmoja nikiwa zamu nilimkuta mzazi amemlaza mwanawe chali. Nikamgeuza yule mtoto kwa mikono yangu hii. Mama yake akasema, kwa sauti ya chini, kwamba akilala chali anamwona anapumua vizuri zaidi. Nikamuuliza kati yangu na yeye nani mkunga. Akanyamaza. Hakunitazama tena, alimtazama mtoto. Asubuhi waliruhusiwa, sikuwaona tena.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Uingereza, Marekani na nchi nyingine zilianza kuwahimiza wazazi wawalaze watoto chali, na vifo vya ghafla vya wachanga usingizini vikashuka sana, kwa nusu hivi na kwingine zaidi. Kwetu wodini habari ililetwa na binti aliyetoka chuoni juzi juzi. Nilimwambia mbele ya wenzake kwamba watoto tumewalaza sisi kabla yeye hajazaliwa. Wewe mwenyewe ulilala kifudifudi miezi yako yote ya mwanzo. Halafu mwaka 2005 watafiti wakarudi kuzikusanya tafiti za zamani, wakaonyesha kwamba ushahidi ulikuwa umetosha tangu kufikia 1970. Ulikuwepo, umetawanyika huku na huku, hakuna aliyeuweka mahali pamoja. Walikadiria kwamba Uingereza peke yake watoto zaidi ya 10,000 wangeweza kuwa hai.

Siku niliyoyasoma hayo nilishusha maboksi, nikatafuta daftari langu la zamu la mwaka ule. Nililipata. Usiku wa yule mama nimeandika maneno mawili: "Wodi tulivu."

Basi ukiniona nakung'ang'ania na habari ya kuandika, jua inatoka wapi. Yule mama aliona kitu. Mimi nilikuwa na kalamu.

Kwa hiyo, kabla ya mwisho wa mwezi: andika mlileta ushahidi gani na mlikosa upi. Andika majaji wawili walisema wamekwama wapi hasa, kwa maneno yao wenyewe, maana mara nyingi hapo ndipo mlango ulipo. Andika majina ya mashahidi walioogopa kuja, uyahifadhi vizuri yasivuje. Lala. Usibishane na mkubwa wako ukiwa hujalala, hilo umerithi kwa baba'ko na halijamsaidia. Ukishamaliza yote hayo ukiona bado unataka kuondoka, ondoka, nitakufungulia mlango na sitakuuliza neno. Pengine nitauliza. Lakini faili liwe limekaa, atakayekuja baada yako asianze na ukurasa mtupu.

Huku nyumbani ule ukuta wa nyuma ulioanguka upande bado hatujaujenga. Nimekuwa nikikaa pale jioni. Mawe yaliyobaki wazi yalianza kuota madoa ya kijivu na kijani, yale yanayogandama kama rangi iliyokauka. Nikidhani ni uchafu. Kisha katika nyufa vumbi likajikusanya, likaja zulia laini la kijani lisilozidi ukucha, na mwaka huu, juu ya zulia hilo, kangaga. Nimeivuta kidogo kwa kidole kuona imeshika nini: udongo kiasi cha kijiko. Udongo ule haukuwepo, umetengenezwa na vile vilivyotangulia vikafa pale pale.

Mdogo wako aliponiona nimeinama akanisomea habari za kisiwa cha Surtsey, karibu na Iceland, kilichoibuka baharini Novemba 1963 kikiwa moto mtupu. Mmea wa kwanza ulionekana 1965, volkano ingali inawaka. Miaka 20 mimea ikabaki michache, inahesabika. Ilipofika katikati ya miaka ya 1980 shakwe wakaanza kuzaliana huko kwa wingi, kinyesi chao kikarutubisha mchanga, na kijani kikaenea kwa kasi ambayo hakuna aliyeitarajia. Na haya tunayajua kwa sababu wapo watu waliokwenda kila mwaka, wakapiga magoti, wakahesabu majani. Hata ile miaka ambayo hakikuongezeka kitu walihesabu, wakaandika.

Mdogo wako ana mitihani mwezi ujao na hasomi, mpigie wewe, mimi ananizoea. Miwani yangu imevunjika mkono mmoja, nimeifunga uzi, ndiyo maana mistari hii inapanda na kushuka. Goti la baba'ko linamsumbua, anakataa kusema, lakini ngazi anapanda kwa mguu mmoja. Tangi linavuja kwenye koki, tumeweka ndoo.

Fundi anakuja Jumamosi kujenga ukuta. Alitaka kukwangua mawe yote yawe safi. Nimemwambia aanzie upande wa barabara, huku kwenye kangaga asiguse mpaka uje uone. Daftari lako la kijani nimeliweka juu ya meza yako. Kurasa za mwisho ziko tupu, karibu 40.

Piga simu jioni hii. Baba'ko atakuwa amelala, tutaongea.

Mama yako