Koki ya jikoni nimeitengeneza mwenyewe

Ndugu Mhariri,

Wiki mbili zilizopita msomaji mwenzangu wa Arusha aliandika kwenye ukurasa huu akiwalalamikia mafundi wa nyumba. Wanachukua kianzio, wanazima simu, wanasema kesho, na kesho yao haifiki. Niliisoma barua ile mara mbili nikiwa kwenye cherehani yangu hapa Mbuyuni, Moshi, nikashindwa kuiacha ipite, maana mimi nimekaa pande zote mbili za hiyo kesho. Huu ni mwaka wangu wa 31 katika ufundi cherehani. Na tangu Desemba iliyopita, nikiwa na miaka 60, nimekuwa mtu anayetengeneza nyumba yake kwa mikono yake.

Nianze na hiyo Desemba. Anayeijua Kilimanjaro anajua kwamba mwezi ule si wa kutafuta fundi bomba mjini. Watu wanatoka Dar es Salaam na kwingineko kuja kula Krismasi nyumbani, na kila mwenye nyumba Marangu, Machame, Kibosho au Rombo anataka ipakwe rangi, choo kikae sawa na maji yatoke kabla gari la kwanza halijafika. Mafundi wanahamia huko juu. Sisi wa cherehani nasi tumezamishwa na vitenge vya sikukuu, na chini ya vitenge zinasubiri sare za shule za Januari. Fundi anayekwambia kesho mara nyingi hakudharau. Amepokea kazi kumi kwa sababu hajui ni wateja wangapi kati ya hao watalipa, na wote kumi wameamua kulipa wiki moja. Simtetei anayekula kianzio akatokomea. Huyo ni mwizi kama wezi wengine. Lakini si kila kesho ni uongo.

Koki yetu ya jikoni ilianza kudondosha wiki ya pili ya mwezi huo. Miaka ya nyuma nisingeijua hata habari yake. Mzee wangu, mume wangu, alifanya kazi karakana ya kiwanda cha sukari cha TPC miaka 27, na tangu tuhamie kwetu Pasua sijawahi kuona fundi akilipwa kwa mlango, bomba au kiti cha nyumba ile. Kikiharibika asubuhi, jioni kimepona. Mwaka juzi akapata kiharusi. Mkono wa kulia haukurudi, na maneno yanamtoka polepole, moja moja. Sanduku lake la vifaa, la mbao, alilolipaka rangi ya kijani mwenyewe, lilibaki chini ya kitanda. Nilikuwa nikifagia nalizunguka. Nilihisi nikilivuta nitakuwa nimetangaza kwamba kazi yake imekwisha.

Kwa hiyo nikatafuta fundi. Akaja kijana mmoja, akaitazama koki kwa macho tu, hakuigusa, akasema, "Mama, hii imekufa. Nipe elfu thelathini nibadilishe yote, nitangulizie kumi." Nikampa kumi. Sikumwona tena. Usiku ule nilitega ndoo ya lita 20 saa 12 jioni, na saa 12 asubuhi ilikuwa imefika nusu. Nikapiga hesabu: lita 10 kwa nusu siku, lita 20 kwa siku, lita 600 kwa mwezi. Uniti moja ya maji ni lita 1,000. Fedha yake si nyingi, nakiri. Kilichoniumiza ni ile sauti. Mzee alikuwa akiisikia kutoka kitandani usiku kucha, na najua alikuwa akiisikia kama lawama.

Jumapili baada ya ibada nikalivuta lile sanduku. Alitazama ukutani kwanza. Nikamwambia, "Baba, mimi sijui kitu. Wewe ndiye unajua. Nitakuwa mkono wako." Alinyamaza muda mrefu, mpaka nikadhani nimekosea kusema. Kisha akainua mkono wa kushoto, akaonyesha uani.

"Mama. Funga. Ya mita."

Maana yake nifunge kwanza ile valvu iliyo karibu na mita, maji yasiingie ndani kabisa. Nikafunga. Nikafungua koki mpaka ikakauka. Mjukuu wangu wa darasa la tano akashika simu, anamulika. Nikaizungushia nati kitambaa cha kanga kuukuu ili spana isiichubue, nikaegemea kwa uzito wangu wote, na nati ikalia kama mlango wa kale, ikaachia.

Kilichotoka ndani ni kijiti cha shaba, na mwisho wake kuna kipande cheusi cha raba, kidogo kuliko sarafu ya shilingi mia, kimeshikwa na nati ndogo. Hiyo ndiyo washa. Unapofunga koki, kijiti kinashuka na kuibana washa juu ya kikalio, yaani ukingo wa tundu la maji ndani ya koki, maji yanakosa njia. Ya kwetu ilikuwa imeliwa ikafanya mfereji wa duara katikati, na upande mmoja imechanika kabisa. Koki haikuwa imekufa. Kilichokuwa kimekufa ni kile kipande cha raba. Nilikishika kwenye kiganja nikaona haya, kwa sababu maisha yangu yote nimekuwa nikifungua cherehani, naitoa bobini, nabadilisha mkanda, naitia mafuta, naijua kwa sauti yake. Na koki ina akili ileile: kuna kinachosukuma, kuna kinachobana, na kuna kidude cha bei ndogo kimewekwa pale kichakae ili vikubwa visichakae. Miaka yote hiyo niliamini kwamba chuma cha cherehani ni cha kwangu na chuma cha bomba ni cha wanaume.

Washa ya nusu inchi niliipata dukani kwa shilingi 500. Mzee aliniambia nipitishe kidole kwenye kikalio ndani ya koki nione kama kina mikwaruzo, maana kikiwa na makovu kitaila washa mpya ndani ya wiki. Kilikuwa laini. Nikarudisha kila kitu, nikakaza, nikaenda uani kufungua valvu, na kabla sijarudi nikasikia mtoto anapiga kelele: maji yanaruka pembeni ya nati, yamemlowesha mpaka shingoni! Nilifunga nikitetemeka. Nilijua nimeharibu. Mzee hakusema neno, alionyesha sinki tu. Mtoto akatazama, na pale kwenye tundu la sinki kulikuwa na kipete chembamba chekundu kilichokuwa kimeanguka nilipofungua, mahali pake ni chini ya nati. Nikakirudisha. Nikakaza tena. Nikafungua maji.

Kimya.

Nilikaa kwenye kigoda nikakisikiliza kile kimya. Mjukuu akasema, "Bibi, imeacha." Mzee akasema neno moja, "Sawa," na mimi nimeolewa naye miaka 38, najua sawa zake zote. Hii sikuwa nimeisikia tangu augue. Kesho yake mdogo wake alipokuja kumjulia hali, kabla hajakaa vizuri, mzee akamvuta mkono kuelekea jikoni. "Mama. Ametengeneza." Akamfungulia na kumfungia koki, mara tatu.

Tangu hapo sijasimama. Nimebadilisha boya la tangi la choo lililokuwa linapitisha maji usiku. Mlango wa chumba cha watoto uliokuwa unavimba kila masika nimeupiga randa upande wa chini. Koki ya uani niliing'oa yote nikaweka mpya, na hapo ndipo nilipojifunza kwamba ile tepu nyeupe inazungushwa kwenye meno ya koki kuelekea upande uleule unaofungia. Ukiizungusha kinyume, unapokaza inajikunja na kutoka, na maji yanapita. Nilizungusha kinyume mara ya kwanza. Mzee aliniacha nikose, kisha akanionyesha.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba kila kitu ni cha kufanya mwenyewe. Umeme siugusi. Volti 230 hazimjui anayejifunza, na kuna mafundi wenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, kwa ajili hiyo. Paa pia sipandi, magoti yangu hayaruhusu. Masika hii bati lilipovuja juu ya kitanda cha mzee niliita fundi. Lakini safari hii nilisimama chini ya ngazi nikauliza, naye alikuwa kijana wa heshima, akanijibu bila kuchoka. Akaniambia aliyepaua alipiga baadhi ya misumari kwenye bonde la bati, mahali maji yanapopita, badala ya kwenye mgongo. Maji yamekuwa yakizunguka shingo ya msumari msimu baada ya msimu mpaka raba ya kofia ikaoza. Alitoa misumari saba, akaziba matundu, akapiga mipya kwenye mgongo. Nililipa bei yake yote bila kupunguza hata mia, kwa sababu sasa najua kilichofanyika. Zamani ningebishana naye bei nusu saa, kwa kuwa nilikuwa sijui ninanunua nini.

Hapa ndipo ninapotofautiana na msomaji wa Arusha. Anasema dawa ni serikali iwabane mafundi. Wabanwe wale wezi, sikatai. Lakini fundi mwongo anaishi kwa kutojua kwetu. Yule kijana wa elfu thelathini angeniambiaje koki imekufa kama angejua nimewahi kuifungua? Nami kwenye kazi yangu mteja anayejua kushona pindo hanisumbui wala sithubutu kumsumbua. Tunaelewana kwa maneno machache.

Kuna jirani aliniona uani na spana akaniuliza, kwa huruma kabisa, "Mama, kwani wanao wa kiume wako wapi?" Wako, wana kazi zao, na wakija wananisaidia. Lakini swali lile limenirudisha mbali. Nilianza darasa la kwanza miaka michache baada ya Azimio la Arusha la 1967. Neno kujitegemea tuliliimba gwaride la asubuhi, tulilima shamba la shule kwa jembe, wavulana na wasichana sawa. Ila ikifika saa ya ufundi, wavulana walikwenda kwenye useremala na sisi tulikwenda sayansi kimu, yaani mapishi, ushonaji na kazi za nyumbani. Sayansi kimu ndiyo iliyonipa sindano, na sindano imesomesha watoto wangu wanne, siidharau hata kidogo. Lakini kaka zangu walitoka pale wakijua randa na msumeno bila kujua kushona kifungo, na mimi nilitoka nikijua kushona suti bila kujua maji ya nyumba yangu yanafungwa wapi. Tulipewa kujitegemea nusu nusu.

Sasa tunasikia mafunzo ya amali, yaani ufundi wa mikono shuleni, katika mtaala mpya ulioanza mwaka 2024, na nimefurahi sana. Ombi langu kwa walimu ni moja: msiwagawe. Mjukuu wangu yule aliyeloweshwa na maji ni wa kike, na wiki iliyopita alibadilisha washa ya bibi mmoja wa jirani mimi nikiwa nimesimama pembeni, mikono mfukoni. Aliikumbuka mpaka ile ringi nyekundu.

Na ombi kwako, Mhariri. Mna ukurasa wa mapishi, mna wa mavazi, mna wa mpira. Tupeni kona ndogo mara moja kwa wiki, kitu kimoja tu cha nyumbani, na picha yake: koki, bawaba, kitasa, boya la choo. Waulizeni mafundi wastaafu. Wako wengi hapa Moshi, wengine wamekaa barazani mchana kutwa na elimu yote ile kichwani, wanasubiri mtu awaulize. Mzee wangu atakuwa wa kwanza. Atasema polepole, mimi nitaandika.

Jumapili hii tunafungua kitasa cha mlango wa mbele, ambacho ufunguo unakwama tangu Pasaka. Ameshaniambia nitafute bisibisi ndogo na karatasi nyeupe ya kupanga vipande kwa mpangilio vinavyotoka.

Mama Fundi,
Pasua, Moshi