Kabla ya kuihukumu Cardassia, itazameni mpaka mwisho

Mhariri,

Nimekuwa msomaji wa gazeti lako tangu likinunuliwa kwa sarafu, na kwa muda wote huo sijawahi kukuandikia, hata mlipoiondoa chemshabongo ya Jumapili bila kutuaga. Makala ya ukurasa wa burudani ya Jumamosi iliyopita, ile iliyouliza kama dola iliyoshindwa vitani katika hadithi za kubuni za kisayansi inaweza kujirekebisha, ndiyo iliyonitoa kimyani. Mwandishi wenu aliichukua Cardassia, dola ya kijeshi katika tamthilia ya Kimarekani ya anga za juu, Star Trek: Deep Space Nine, akaipima kwa aya nne, kisha akaamua kwamba watu wale ni wakatili kwa asili, kwamba utii wa kijeshi umo damuni mwao, na kwamba kizazi kimoja baada ya vita wangerudi kuvaa magwanda yale yale. Picha mliyoiweka juu ya makala, kwa taarifa yako, ilikuwa ya Mklingon, mtu wa taifa jingine kabisa katika tamthilia hiyo.

Nina mashaka makubwa kwamba mwandishi huyo aliifikisha tamthilia mwisho. Ilirushwa kuanzia mwaka 1993 hadi 1999, misimu saba, sehemu 176, na anayeishia msimu wa sita anamwacha Damar, kiongozi wa Cardassia, akiwa mlevi na kibaraka wa Dominion, dola ngeni iliyoishika Cardassia wakati wa vita, mtu aliyempiga risasi binti wa mkubwa wake, Dukat. Ni katika msimu wa saba ambapo Damar anawageuka mabwana zake na kuongoza uasi, na mkewe na mwanawe wanapouawa kwa ajili hiyo, anauliza kwa uchungu ni watu gani wanaotoa amri ya kuua wasio na hatia. Anayemrudishia swali hilo hilo, bila kuongeza neno, ni Kira, Mbajor ambaye sayari yake ilikaliwa na Wacardassia kwa takriban miaka hamsini. Mtu akishaiona sura ya Damar baada ya swali lile, hawezi tena kuandika habari za damu.

Simlaumu mwandishi peke yake, kwa kuwa na wauzaji wa DVD wana sehemu yao katika ujinga huu. Mimi mwenyewe nilinunua misimu yote Kariakoo, katika boksi lililoandikwa KAMILI kwa herufi kubwa, na nilipofungua bahasha ya msimu wa saba nikakuta sahani mbili za tamthilia ya Kifilipino. Nilipanda basi, nikarudi kwa kijana aliyeniuzia, naye akaniambia kwa upole, "Mzee wangu, ile inaishia pale pale, walishinda." Nilikaa miaka minne nikiamini hivyo, mpaka mpwa wangu anayefanya kazi Muscat aliponiletea msimu wenyewe. Nashuku nchi hii imejaa watu wenye maoni mazito juu ya vita ambavyo hawajui viliishaje.

Hata bila msimu wa saba, mwandishi angeweza kukumbuka kwamba Wacardassia walijaribu kujirekebisha kabla hawajashindwa na mtu. Idara yao ya ujasusi, Obsidian Order, ilipoangamizwa katika shambulio lake la kujitakia, raia waliinuka, wakaiangusha Kamandi Kuu ya jeshi, wakalirudishia madaraka Baraza la Detapa, ambalo lilikuwa la kiraia. Waklingon wakawavamia, wakidai kwamba mageuzi yale hayakuwa ya raia bali ni njama ya Dominion. Serikali ile changa ikadhoofika, na Dukat, yule mkubwa wa Damar, akapata mlango wa kuwauza wenzake kwa Dominion hiyo hiyo, kwa ahadi ya kuwarudishia utukufu wao. Kwa hiyo watu walianza kujenga, majirani wakawabomolea, na leo tunaambiwa kwamba hawajui kujenga.

Mwandishi aliuliza nani ataliunda jeshi jipya na nani ataketi bungeni. Mimi niliyefanya ukarani wa mahakama kwa miaka thelathini na moja nilikuwa nasubiri aulize nani ataketi masijala, na hakuuliza. Ugonjwa wa Cardassia ulikuwa mahakamani kama ulivyokuwa kambini. Katika sehemu moja ya msimu wa pili, iliyorushwa mwaka 1994, fundi O'Brien anakamatwa na kupelekwa huko kushtakiwa, na anapofika, hukumu imekwisha kutolewa na siku ya kuuawa kwake imekwisha kupangwa. Shauri linalofuata ni onyesho la kurushwa hewani ili wananchi waone jinsi dola isivyokosea, na kazi ya wakili wa utetezi, mzee Kovat, ni kumsaidia mshtakiwa akiri kwa adabu. O'Brien anapoachiwa huru ghafla, Kovat hafurahii kushinda. Anaingiwa na hofu kwamba sasa yeye ndiye atakayeuawa. Niliokuwa nikitazama nao walicheka sana hapo. Mimi nilikumbuka mwaka 1987, katika mahakama ambayo sitaitaja, mkubwa wangu aliponiletea kurasa tatu za mwandiko wake siku ya Alhamisi mchana ili nizipige taipu. Ilikuwa hukumu ya shauri la kiwanja, na mahali pa tarehe palikuwa pameachwa wazi. Niliweka karatasi mbili na kaboni katikati, nikapiga kama nilivyopiga nyingine zote, hata jina la mdai lililokuwa limekosewa nikalisahihisha. Jumatatu iliyofuata ndipo shauri lilipoanza kusikilizwa. Mdai alikuwa mama mjane aliyefika kwa basi la alfajiri pamoja na wazee wawili mashahidi, na alikuwa amebeba kipande cha jiwe la mpaka, kilichofungwa kwenye kanga, ambacho alikiokota baada ya jiwe lenyewe kung'olewa. Alieleza kwa saa nzima, wazee wakaapa, hakimu akawa anaandika au anajifanya kuandika, nami nimekaa kando nikijua kwamba katika ukurasa wa tatu, mstari wa nne kutoka chini, mama huyu alikwisha kushindwa tangu Alhamisi. Wakati wa kutoka alinishukuru kwa kumpisha kwenye benchi. Mhariri, nilimjibu, "Karibu tena, mama."

Mimi sina matuta shingoni kama Wacardassia, na magwanda sijawahi kuvaa, hata ya mgambo. Ikiwa ubaya wa namna ile hutoka katika damu, mwandishi wenu anieleze wangu niliupata wapi.

Ndiyo maana kwangu mtu mkubwa kuliko wote katika habari hii ni Aamin Marritza, ambaye makala yenu haikumtaja hata kwa bahati mbaya. Alikuwa Mcardassia, karani wa mafaili katika kambi ya Gallitep, ambako Wabajor walifanyishwa kazi na kuteswa mpaka kufa, na usiku alikuwa akijificha chini ya kitanda na kuziba masikio asisikie vilio. Miaka mingi baadaye anabadilisha uso wake ufanane na wa mkuu wa kambi ile, Darhe'el, kisha anajipeleka mwenyewe mikononi mwa Wabajor, ashtakiwe na kunyongwa kwa jina la mtu mwingine ili Cardassia ilazimike kukiri. Hila yake inagunduliwa, anaachiwa, na palepale Mbajor mmoja anamchoma kisu kwa sababu tu ni Mcardassia. Kira, aliyeanza kumhoji akiwa na hamu ya kumwona kitanzini, anasema kwamba sababu hiyo haitoshi. Hii ni sehemu inayotangulia ya mwisho katika msimu wa kwanza, Juni 1993, na hoja ya mwandishi wenu ilijibiwa humo kabla hajaifikiria.

Duniani kwetu mambo haya yana mifano, na mwandishi aliitaja Ujerumani kwa mstari mmoja, kana kwamba kushindwa mwaka 1945 kulitosha kuwageuza watu. Mahakama ya Nuremberg, iliyowashtaki wakuu wa utawala wa Hitler, ilipotoa hukumu Oktoba 1946, washtakiwa kumi na wawili walihukumiwa kifo, saba kifungo, na watatu wakaachiwa huru. Wengi huwakumbuka wale kumi na wawili. Mimi huwataja wale watatu, kwa kuwa hata katika mahakama ya washindi, ambayo wengi waliikosoa, na walikuwa na haki, kulikuwa na karatasi ambayo haikupigwa taipu Alhamisi. Na Ujerumani Mashariki ilipoporomoka, umati uliingia makao makuu ya Stasi, polisi wa siri wa nchi hiyo, mjini Berlin tarehe 15 Januari 1990, na kwa sheria ya mwaka uliofuata mtu aliyepelelezwa akapata haki ya kulisoma jalada lake mwenyewe. Majalada yale yakipangwa kwa mstari yanazidi kilomita 100. Ningependa kuiona masijala hiyo kabla sijafa.

Je, Cardassia wangeweza? Tamthilia inaishia na Wacardassia zaidi ya milioni 800 wamekufa, na Martok, jemadari wa Waklingon, akiwaalika wenzake wa upande ulioshinda, Sisko na Ross, wanywe juu ya maiti, nao wanakataa kunywa. Anayerudi kujenga ni Garak, fundi cherehani, mtesaji wa zamani na mtoto wa mkuu wa Obsidian Order, ambaye walau anakiri kwamba taifa lake halikuwa safi. Simwamini sana. Ningempa ufunguo wa masijala mchana tu, na jioni ningeuchukua. Lakini nasema wangeweza, iwapo wangeanza na mambo madogo ambayo makala yenu iliyaona hayafai kuandikwa: hakimu aingie mahakamani na karatasi tupu, awaonyeshe watu pande zote mbili za karatasi hiyo, kila karatasi iwe na namba, mhuri wa tarehe ufungwe kwa mnyororo kwenye meza ya karani, mbele ya benchi la wananchi, na mzee Kovat, kama bado yu hai, apewe pensheni na walinzi wawili.

Kuhusu mwandishi wenu, msimu wa saba ninao, halisi, na niko tayari kumwazima. Aje mwenyewe, siku za kazi kabla ya saa sita, akiwa na kitambulisho, na atatia saini kwenye daftari, kwa kuwa wa mwisho niliyemwazima msimu wa nne hajaonekana tangu Pasaka.

Karani mstaafu wa mahakama,
Morogoro