Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayeiulizia Apophis

Mdogo wangu,

Ujumbe wako nimeupata. Baada ya kimya chote tangu arobaini ya baba, umeniandikia kuuliza wanao wasimame wapi waione asteroidi ya Apophis, lile jiwe la angani, kana kwamba kati yetu hapakupita neno. Nitakujibu, kwa sababu watoto hawana kosa.

Apophis itaipita dunia usiku wa Ijumaa, tarehe 13 Aprili 2029, kuamkia Jumamosi, kilomita zipatazo 32,000 juu ya ardhi, karibu zaidi kuliko setilaiti za televisheni, na Afrika imo katika maeneo yatakayoiona bila darubini. Itatukaribia zaidi saa 6:46 usiku kwa saa zetu za Afrika Mashariki. Usichukue ramani iliyochorewa watu wa London, kwa kuwa kitu kilicho karibu namna hiyo huonekana mbele ya nyota tofauti kulingana na mahali ulipo. Ingia mtandaoni katika Horizons, mfumo wa NASA, shirika la anga la Marekani, unaokokotoa mahali vitu vilipo angani; jaza mahali pa Dar es Salaam, nyuzi 6.8 kusini na 39.3 mashariki, kisha ongeza saa tatu kwenye saa za kimataifa (UT) unazopewa ili upate saa za huku. Utapewa uelekeo na kimo chake angani dakika kwa dakika. Wala usiwatishe watoto. Desemba 2004 uwezekano wa kutugonga ulifikia asilimia 2.7 kwa sababu vipimo vilikuwa bado vichache. Vilipoongezeka, hofu ya 2029 ikafutwa, na vipimo vya rada vya mwaka 2021 vikaiondoa kwa angalau miaka 100. Wanaastronomia hawakutoa hukumu kwa usiku mmoja. Wewe ulinihukumu kwa usiku mmoja.

Ulisimama pale mkekani, dua haijapoa, ukawaambia wazee kwamba baba alizidiwa huku dada yuko juu ya paa akitazama mawe. Mjomba aliinamisha kichwa. Hakuna aliyenitetea, nami nilinyamaza kwa heshima ya marehemu, si kwa kukosa jibu.

Jibu ni hili. Florence, asteroidi yenye upana wa zaidi ya kilomita 4, ilipita tarehe 1 Septemba 2017 umbali wa kilomita milioni 7, na baba ndiye aliyetaka niitafute. Yeye aliyetuonyesha kundi la nyota la Kilimia tungali wadogo alitaka kuhakikishiwa kwamba jiwe lile linatembea kweli. Katika darubini yangu ndogo halitofautiani na nyota: unachora nukta zote unazoziona, unasubiri nusu saa, unachora tena, na iliyohama ndiyo yenyewe. Kazi hiyo haifanywi kwa kuchungulia na kushuka. Shangazi alikuwa kando ya kitanda, baba amelala, na nilipoitwa nilishuka papo hapo. Kwamba jiwe lilipewa jina la Florence Nightingale, muuguzi, ulilisema ili unichome, na lilinichoma. Wewe ulikuwa Muscat. Silisemi hilo kwa kukulaumu, ingawa dawa za usiku nilimpa mimi miezi yote ile, na mchoro wa kwanza aliuona kabla hajalala, akacheka.

Walete watoto Kigamboni, ufukweni, mbali na taa za barabarani. Mahamri nitapika mimi. Ila kabla hujapanda kivuko, mpigie shangazi, umuulize ni nani aliyenituma juu ya paa.

Dada yako