Usiache kazi kabla bodi ya madaktari haijakuona

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuseme na wafanyakazi wa Dodoma na mikoa jirani wanaougua maradhi ya kuishiwa nguvu, hasa ugonjwa wa uchovu sugu (ME/CFS), ambao miezi inapita hawapati nafuu na sasa wanafikiria mafao ya ulemavu. Tunaanza na kosa ambalo likishafanyika ni vigumu kulirudisha nyuma: kuandika barua ya kuacha kazi.

Mwanachama wa NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, anayedai pensheni ya ulemavu anatakiwa awe hajafikisha miaka 60, awe amepoteza angalau theluthi mbili ya uwezo wake wa kujipatia kipato, na awe na michango ya miezi 180, au isiyopungua 36 ambayo 12 kati yake ni ya kipindi kinachotangulia ulemavu. Hiyo 12 ndiyo inayowaangusha wengi. Mtu anaacha kazi kwa uchungu, anahangaika hospitali moja hadi nyingine mwaka na zaidi, na siku anayofungua madai michango yake ilishakatika zamani. Likizo bila malipo nayo haina mchango.

Kuna njia ya halali ya kubaki kazini huku unatibiwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 za pili kwa nusu mshahara. Sharti lake ni cheti cha daktari, kwa hiyo kila ED (karatasi ya daktari ya kukupumzisha kazi) itolewe nakala kabla haijaingia ofisini kwa mwajiri. Siku hizo ndizo za kujenga faili. Chukua pia taarifa ya michango yako uikague mwezi kwa mwezi ukiilinganisha na hati za mshahara, maana kukatwa mshahara si ushahidi kwamba fedha imefika kwenye mfuko. Ukiachishwa kazi kwa sababu ya kuumwa, una siku 30 tu za kupeleka mgogoro CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Watumishi wa umma wako PSSSF, mfuko wao wa hifadhi ya jamii, wenye masharti na fomu zake. WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, inahusika pale tu ugonjwa ulipotokana na kazi yenyewe. Tumeona watu wakipoteza miezi wakibisha mlango huo.

Sasa faili. Kosa kubwa ni kudhani jina la ugonjwa linatosha. Bodi ya madaktari inapima uwezo wa kufanya kazi, na barua inayosema “ana uchovu wa muda mrefu, apumzike” haiipi kitu cha kupima. Mwombe daktari aandike kwa vipimo: mgonjwa anakaa kitini dakika ngapi kabla ya kulazimika kulala, anasimama dakika ngapi, anasoma kurasa ngapi kabla hajapoteza maana, na akifanya kazi kwa muda wa saa nne leo, kesho na keshokutwa anakuwaje. Hilo la mwisho ndilo kiini. Katika ugonjwa wa uchovu sugu mtu huzidiwa baada ya shughuli, na mara nyingi kuzidiwa huko hakuji papo hapo. Huja saa 12 hadi 48 baadaye. Anayekutazama leo haoni gharama ya leo.

Vigezo vya kuutambua ugonjwa huu vilivyotolewa Marekani mwaka 2015 vinataka uwezo uwe umeshuka sana kwa zaidi ya miezi sita, kuzidiwa baada ya shughuli, usingizi usioburudisha, na pamoja na hayo ama akili kuwa nzito ama hali kuharibika mtu anaposimama. Kabla ya kufika hapo, magonjwa mengine yapimwe na majibu yawe kwenye faili: wingi wa damu, sukari, figo, ini, tezi ya shingo, VVU, kifua kikuu. Kwa mkoa wetu wa wafugaji tunasisitiza na bruselosisi, ugonjwa wa mifugo unaompata pia binadamu, inayoambukizwa pia kwa maziwa yasiyochemshwa. Inatibika, na hakuna haja ya kudai ulemavu kwa ugonjwa wenye dawa.

Kipimo kimoja, cha hali kuharibika mtu anaposimama, hakihitaji mashine kubwa. Kituo chochote cha afya chenye mashine ya presha kinaweza kukifanya. Mgonjwa alale dakika 10, apimwe presha na mapigo ya moyo. Kisha asimame mabega yakiegemea ukuta, visigino sentimita 15 kutoka ukutani, apimwe kila dakika hadi dakika 10. Mtu mzima ambaye mapigo yake yanapanda kwa 30 au zaidi na kubaki huko, au namba ya juu ya presha inashuka kwa 20 au zaidi, ana ushahidi wa tarakimu. Awepo mtu wa kumdaka, na akiona giza wasitishe.

Nyumbani, andika daftari kwa wiki nne: ulichofanya, kwa muda gani, na ulivyoamka siku mbili zilizofuata. Usiruke siku nzuri. Daftari lenye mateso matupu haliaminiki.

Halafu kuna adabu yetu wenyewe. Daktari anauliza, “Unaendeleaje?” na mgonjwa anajibu, “Namshukuru Mungu, sijambo.” Ni salamu, lakini kwenye faili inaandikwa “anaendelea vizuri”, na sentensi hiyo inasomwa na bodi. Salimianeni, kisha sema: “Daktari, sasa naomba nikueleze hali yangu.”

Siku ya bodi, mgonjwa aliyelala siku mbili ili aweze kufika, akaoga, akavaa vizuri, anaonekana mzima. Aeleze alivyojiandaa, na kwamba ametoka Mpwapwa au Kondoa alfajiri. Aliyemsindikiza aandike hali yake kwa siku tatu zinazofuata, karatasi hiyo ipelekwe kama nyongeza, nakala igongwe muhuri wa kupokelewa.

Ombi letu kwa mifuko na Wizara ya Afya ni dogo. Marekani, mamlaka ya hifadhi ya jamii ilitoa mwaka 2014 mwongozo rasmi wa kupima madai ya ugonjwa huu. Uingereza, NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu, iliondoa mwaka 2021 mazoezi ya kuongezwa hatua kwa hatua kama tiba yake, hivyo mgonjwa anayeyakataa asiandikwe kuwa hafuati ushauri. Sisi tunaomba fomu ya daktari iongezwe swali moja: mgonjwa huyu akifanya kazi siku nzima, siku mbili zinazofuata anaweza nini?

Ni sisi tunaowasaidia wagonjwa kujaza fomu,
Makole, Dodoma.